Jumapili Niliyotoka Mstarini

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo hata sasa nikifumba macho naiona yote, pamoja na ukungu wake uliochelewa kuondoka mbugani. Kaa karibu nikusimulie. Mama yako ameniambia kwamba shule imekubana, kwaya inakutaka, na vijana wenzako wa parokia wanakutegemea kwenda kuwafulia na kuwachotea maji wagonjwa, na kwamba siku hizi amekukuta unalia peke yako. Sitakukemea. Nami niliwahi kuwa na umri wako, ingawa najua ukinitazama nilivyo sasa unaona jambo hilo gumu kuliamini.

Sisi tulitoka Kimamba. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, na nchi ilipokwisha kujitawala, watu wakaanza kuitwa waishi pamoja katika vijiji vya ujamaa, yeye alikubali mapema. Tulipanda treni Kilosa na masufuria yetu na kuku ndani ya tenga, tukashuka Mikumi, tukatembea mpaka mahali palipokuwa na pori na vigingi vya viwanja tu. Nilikuwa mdogo. Nilidhani tumefika dunia inapoishia, kwa jinsi nyasi zilivyokuwa ndefu, na milima ya Vidunda ilivyokaa kule mbali, ya buluu, kama imechorwa na mtu aliyekuwa anasinzia.

Kijiji kikakua nami nikakua nacho. Wengi walikuwa Waislamu, na sisi Wakatoliki tulikuwa kaya chache. Tulijenga kigango chetu, kanisa dogo la kijiji, kwa udongo na nyasi, na wao wakajenga msikiti wao kwa udongo na nyasi zilezile, hata mgeni asingejua kipi ni kipi mpaka asikie watu wanasali. Shamba la kijiji lilikuwa bondeni, upande wa mbuga ya wanyama. Kila kaya ilipewa zamu ya kulilinda. Usiku walilinda wanaume kwa mioto yao, na mchana tulilinda wanawake na vijana, tukikaa juu ya ulingo, yaani kile kichanja cha miti kirefu, na debe la kupiga wakija nyani au nguruwe.

Mwaka ninaokusimulia mvua ilikuwa haba. Mahindi ya majumbani yaliungua yakiwa bado mafupi. Kilichobaki kimesimama kilikuwa lile shamba la bondeni, kwa sababu ya unyevu wa kijito, na kijiji kizima kililitazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyeanza kuomba uji. Ndipo baba yangu, alipokuwa akikata gogo, shoka likateleza likamwingia mguuni. Mama alikuwa na mtoto mchanga. Zamu za kaya yetu zikaniangukia mimi, na mojawapo ilikuwa ya Jumapili asubuhi.

Mwaka huohuo nilikuwa darasa la saba. Usishangae, wakati ule tulianza shule tukiwa wakubwa, na darasa la saba lilikuwa na wasichana waliokwisha kuposwa. Mwalimu wetu, Mwalimu Mbwana, alitubakiza alasiri tufanye hesabu, maana waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache sana. Na mwaka huohuo nilikuwa najiandaa kupokea Kipaimara, sakramenti ya kupakwa mafuta na askofu. Katekista wetu, Mzee Damiano, alifundisha kila Jumapili baada ya ibada, naye alisema wazi kwamba asiyehudhuria mafundisho hatasimama mbele ya askofu.

Ungeniuliza kwa nini sikuomba nafuu. Baba alikataa. Siku moja nilimwambia labda jirani angetushikia zamu ya Jumapili. Alikuwa amelala na mguu wake umefungwa, akageuza uso ukutani.

"Zamu yetu tutaifanya wenyewe," alisema. "Sitaki mtu aje aseme Wakatoliki wanakwenda kuimba huku wenzao wanalinda chakula."

Basi nikanyamaza, nikawa wa kukimbia huku na huku. Asubuhi shule, alasiri hesabu, halafu bondeni, na jioni nyumbani kutwanga na kubembeleza mtoto. Jumapili nilikaa kwenye ulingo, na upepo ukiwa mzuri ulikuwa ukiniletea nyimbo za kigango vipande vipande, mwanzo wa ubeti bila mwisho wake. Nilikuwa nikiimba sehemu yangu kule juu, peke yangu, mbele ya mahindi. Baadaye nikaanza kuchanganyikiwa. Nikiwa darasani niliona mahindi yakitikisika ubaoni. Nikiwa nasali, katikati ya Salamu Maria ilinijia sauti ya Mwalimu Mbwana ikiuliza sehemu moja ya tatu ya kitu fulani. Mchana wote ulikuwa kama ule muda mfupi kabla mtu hajaamka, anapojua kuna jambo la kufanya lakini halikumbuki.

Ulingo uliofuata wangu ulikuwa wa Bi Mwanaidi. Alikuwa mjane, mwenyeji wa Msowero, mwembamba, mtu wa maneno machache, na kaya yake ilikuwa yeye peke yake. Tulikuwa na desturi, yeye nami: mmoja akipiga debe, wanyama wakikimbia, alipaza sauti akaita "Wamekwenda", na mwenzake akaitikia. Hivyo ndivyo tulivyojuana kwamba mambo ni salama.

Jumapili moja aliteremka kwake akaja mpaka chini ya ulingo wangu, ameshika boga la kuchemsha ndani ya jani la mgomba.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Nimekusikia unaongea tangu asubuhi. Unaongea na nani?"

"Nasali, bibi. Nikimaliza nakariri hesabu."

"Na nani analinda?"

Nikageuka nikatazama mahindi. Alipanda, akakaa karibu nami, akanikatia boga.

"Wenzako nawasikia wanaimba. Mbona wewe uko huku?"

"Ni zamu ya baba."

"Baba yako ameumia, hilo kila mtu analijua. Ulimwomba nani akushikie, akakataa?"

"Hakuna aliyekataa, bibi."

"Ulimwomba nani?"

"Sijamwomba mtu."

Alitafuna boga lake taratibu akitazama mbugani. Nilidhani yamekwisha.

"Basi umetunyima," alisema. "Unadhani unatuhurumia, kumbe unatunyima. Sisi tulihama makwetu tukaja hapa tuishi pamoja. Wewe unaishi peke yako katikati yetu."

Hakusema kwa ukali, mwanangu, lakini uso wangu uliwaka. Nilikuwa nikijiona mtu mwema sana kwa kuteseka kimya. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kimya changu kinaweza kumkosea jirani.

Kisha akaniambia mpango wake. Ijumaa kulikuwa na darsa la akina mama msikitini, na yeye alikuwa halisikilizi kwa sababu ya nyani. Ijumaa hiyohiyo Mwalimu Mbwana naye alikuwa akienda kusali, hivyo hesabu za alasiri hazikuwepo. Basi mimi nilinde sehemu zetu zote mbili siku ya Ijumaa, naye alinde zote mbili siku ya Jumapili.

Jioni alikuja nyumbani. Baba alipomwona alijaribu kuinuka.

"Kaa, baba, usitoneshe kidonda," alisema. "Nimekuja kukupa pole, na kukuarifu kwamba Jumapili Felista atakwenda kusali."

"Bi Mwanaidi, watu watasema nini?"

"Watasema Mwanaidi amepata wa kumshikia zamu ya Ijumaa, naye sasa anasoma dini yake uzeeni."

Baba alicheka. Tangu aumie hakuwa amecheka. Halafu akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaniambia nimletee mgeni maji.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kiasi kwamba mara nyingine nashuku kama niliziishi au niliziota. Nilirudi kwenye kigango, nikaimba beti nzima na mwisho wake, na Mzee Damiano akanifundisha yale niliyokosa. Ijumaa nilikaa juu ya ulingo na hesabu alizonipa Mwalimu Mbwana, nikamaliza moja, nikatazama kila upande, nikaanza nyingine. Mchana wa bondeni ulikuwa na ukimya wenye uzito. Treni ya Kidodi ikipita mbali, mlio wake ulikuja umekwisha kulainika, na majani ya mahindi yakasuguana kana kwamba yanaambiana jambo. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijua, kwa mara ya kwanza, kwamba kuna mtu mahali fulani ametulia kwa sababu mimi nipo hapa.

Ndipo ikaja Jumapili ya askofu.

Mama alinishonea gauni jeupe la amerikani, akalipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Kigango kilijaa, watu wakasimama mpaka nje. Baba alikuja na mkongojo, akaketi karibu na mlango. Tuliopokea Kipaimara tulipanga mstari, na nyuma ya kila mmoja alisimama msimamizi wake. Wangu alikuwa Mama Yustina, mke wa katekista, ameniwekea mkono begani. Ukungu ulikuwa bado nje, na mwanga ulioingia kwa dirisha ulikuwa wa rangi ya maziwa. Askofu alikuwa akisogea polepole, anapaka mafuta kwenye paji la uso, anataja jina. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo mwaka mzima. Nilihisi hata miguu yangu haigusi chini.

Nikasikia debe. Lilitoka bondeni, dogo, kwa mbali. Hakuna aliyegeuka, maana sauti ya debe ilikuwa ya kila siku. Likaenda kasi, likazidi kasi, halafu likanyamaza. Nikasubiri Bi Mwanaidi aite. Nilikaza masikio kupita wimbo wa kwaya, kupita Kilatini kidogo alichokuwa akikinong'ona mzee mmoja nyuma yangu. Hakuita.

Mbele yangu walikuwa wamebaki wasichana wawili tu. Askofu alikuwa karibu kiasi cha kuona pete yake. Mwanangu, nilibishana na nafsi yangu pale. Nilijiambia labda ameita na mimi sikusikia. Nilijiambia hao ni nyani tu, na nyani ni wa kila siku. Nilijiambia kwamba sakramenti haingojei. Yote hayo yalikuwa na maana. Lakini Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kule mahali pangu, na mimi ndiye pekee ndani ya kanisa lile niliyejua kimya kile ni cha nini.

Nikatoka mstarini. Mama Yustina akanishika gauni.

"Unakwenda wapi?"

"Bi Mwanaidi yuko peke yake," nilisema. "Hajaita."

Nadhani nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia, kwa sababu kwaya ilinyamaza. Sikungoja. Nilipita katikati ya watu, nikampita baba mlangoni, nikateremka kwenye njia ya bondeni. Nilipofika nyumba za mwisho nilisikia vishindo nyuma yangu. Vijana wa kwaya walikuwa wanakuja, na walikuwa wamebeba ngoma za kanisani. Kutoka majumbani wakatoka wengine, akina mama kwa sufuria na michi, Mwalimu Mbwana na kengele ya shule mkononi.

Walikuwa tembo. Kwa kawaida huja usiku, lakini mwaka ule kiu iliwatoa mchana. Walisimama ndani ya ukungu na mahindi yakiwafika tumboni, wakila bila haraka, na kwa muda tuliganda tukawatazama. Sijui nikuelezeje. Walikuwa wanatumalizia chakula chetu, na bado walikuwa wazuri, kama mawe yaliyoamua kutembea. Kisha nikaona ulingo wangu umelala ubavu, na chini yake, kati ya mashina ya mahindi, kanga ya Bi Mwanaidi. Tembo mama na mtoto wake walikuwa hatua chache kutoka pale. Naye alikuwa hajaita kwa sababu hiyo: alianguka ulingo uliposukumwa, nyonga ikaumia, akaamua kulala kimya kabisa.

Mwenyekiti wa kijiji alitupanga kwa ishara za mikono. Tukae upande mmoja, tuwaachie tembo njia ya mbugani. Halafu ngoma zikaanza, zilezile tulizokuwa tukiimbia muda mfupi uliopita, na sufuria, na kengele ya shule. Tembo mama aliinua masikio. Alisimama pale kwa kitambo kilichokuwa kirefu kuliko misa yoyote niliyowahi kuhudhuria. Kisha akamgusa mtoto wake kwa mkonga, akageuka, na wengine wakamfuata, wakaingia kwenye ukungu mmoja baada ya mwingine mpaka ikawa kana kwamba hawakuwepo.

Nilifika kwa Bi Mwanaidi wa kwanza. Alikuwa na udongo kwenye nyusi. Alinitazama juu mpaka chini.

"Nguo nyeupe unakujaje nayo shambani?" aliuliza.

Nikaanza kulia.

"Umeshapakwa hayo mafuta?"

"Bado, bibi."

Alifumba macho, akashika mkono wangu, na hakuuachia mpaka vijana walipoleta kitanda cha kamba wakambeba.

Tuliporudi, askofu alikuwa ameondoka. Watu wa Ruhembe walikuwa wakimngoja nao, na alikuwa amesubiri hadi akashindwa. Mzee Damiano alisimama mlangoni mwa kigango na kitabu chake kwapani.

"Felista, mwaka mzima wa mafundisho," alisema. "Askofu mwenyewe alikuwa mbele yako. Walikuwepo watu wengi wa kwenda."

Nikajitazama. Gauni langu lilikuwa limechanika na lina tope mpaka kiunoni. Ndipo baba akaja kwa mkongojo wake, akasimama kati yetu.

"Katekista," alisema, "leo ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Yule mama alikaa mahali petu. Ningekuwa na miguu ningekwenda mimi. Binti yangu amekwenda na miguu yake." Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza: "Nami nilipaswa kuomba msaada mapema. Ningewaomba nyote."

Mzee Damiano akavua miwani, akaifuta, akaniambia niende nikanawe, nisije nikaugua.

Sitakudanganya kwamba yote yaliisha vizuri. Sehemu ya shamba ilikuwa imeliwa, na chakula tulichovuna kilitufikisha kwa shida. Bi Mwanaidi hakutembea tena bila fimbo. Na majina ya sekondari yalipotoka, langu halikuwemo. Nililia siku ile kuliko siku ya askofu, nikiegemea ukuta wa shule, na Mwalimu Mbwana akasimama karibu nami, maana naye alikuwa ameumia. Baadaye masista walinichukua kujifunza uuguzi, na kazi hiyo ndiyo iliyowalea mama yako na wajomba zako. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimekosa.

Kipaimara nilipata mwaka uliofuata, Kilosa mjini. Tulikwenda kwa treni, baba, mama na mimi, na siku ya safari tulimkuta Bi Mwanaidi stesheni, amevaa buibui lake jipya, ameketi juu ya mfuko wake.

"Safari ya wapi, bibi?" baba alimuuliza.

"Kilosa. Kuna mtu nilimkatishia shughuli yake, nataka nione ikimalizika."

Aliketi benchi la nyuma kabisa, mikono juu ya fimbo. Misa ilipokwisha nilimfuata pale alipo.

"Nasikia yananukia, hayo mafuta," alisema.

Nikainama nikamsogezea paji la uso. Alinusa, akafikiri.

"Yananukia vizuri," akasema. Kisha akanirekebishia kitambaa cha kichwa, tukatoka nje kwenye jua.

Mwanangu, sasa nikwambie ninachotaka ukishike. Usiache shule kwa sababu umechoka. Usiache kusali kwa sababu kazi ni nyingi. Na hao wagonjwa unaowafulia, usiwaache vilevile. Lakini usithubutu kubeba yote hayo kimya ukadhani huo ndio utakatifu. Kesho nenda kwa mwalimu wako umweleze ulivyo. Nenda kwa paroko umweleze. Waambie vijana wenzako wazi kwamba, tuseme, Jumatano huwezi, na umpe mwingine nafasi ya kuwa mwema siku hiyo. Anayekupokea mzigo humkosei, unamkaribisha.

Na mtu akikushikia nafasi yako, mwangalie. Omba, imba, soma, lakini sikio lako moja liwe kwake. Itakuja siku utakapotakiwa kutoka katika jambo zuri ulilolisubiri sana, kwa sababu yake. Siku hiyo usingoje watu wakubaliane. Utapoteza kitu, na pengine hutarudishiwa, na utalia. Lia, kisha uendelee. Mungu hakai upande mmoja wa mlango wa kanisa. Mimi nilimwacha ndani nikamkuta bondeni.

Sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa babu zako akuongoze katika masomo yako na akupe akili iliyotulia. Akujalie sala isiyokauka na mikono isiyochoka upesi. Akuzungushie majirani wema, wa dini yako na wa dini nyingine, nawe akufanye jirani mwema kwao. Bikira Maria akutazame uendapo na urudipo. Ukue, uzeeke, uwabariki wa kwako kama ninavyokubariki. Amina.